Mwaka wa Mzuia Maji

Mwezi uliopita nilikwenda harusini Buwenge. Tenywa, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka minne, alinishika mkono akanizungusha kwa wageni wa meza yake, mmoja baada ya mwingine, akinitambulisha kwa maneno yaleyale: "Huyu ndiye Sumaya. Aliandika kurasa kumi na nne za kusifu kosa." Watu walicheka kwa adabu bila kuelewa. Mimi nilicheka pia, kisha nikakaa na sahani yangu ya pilau nikijiuliza kama nimecheka kwa sauti kubwa mno, kama alikusudia kunikejeli au kunisifu, na kama yule bwana mwenye kofia aliyeniambia hongera alidhani kusifu makosa ndiyo kazi yangu rasmi. Ndivyo nilivyo. Lakini njia nzima ya kurudi Jinja nilitabasamu peke yangu, kwa sababu Tenywa alisema kweli, na kwa sababu kati ya miaka yangu yote ni ule mmoja tu ambao nikiukumbuka sitamani kurekebisha kitu.

Nilikuwa nimemaliza chuo Kampala, shahada ya utunzaji wa maktaba na nyaraka, na nilikuwa nimepanga chumba kimoja Mafubira chenye dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Nilituma barua za kuomba kazi, kisha nikatuma barua za kuomba radhi kwa makosa niliyodhani yamo katika zile za kwanza. Ofisi moja ilinijibu kwamba barua ya maombi haikuwafikia; iliyofika ni ya radhi, na walitaka kujua nimewakosea nini. Aliyenipa kazi hatimaye hakusoma barua yoyote. Alikuwa Mama Hansa, mwenye duka la uchapaji mjini Jinja, mama wa Kihindi wa miaka sitini na kitu aliyevaa viatu vya michezo chini ya sari. Alinitazama akasema, "Wewe unapenda kupanga vitu?" Nikasema ndiyo, inategemea ni vitu gani na vinapangwa kwa msingi upi. Akasema, "Basi njoo Jumatatu."

Kazi yenyewe ilikuwa stoo. Duka lilianzishwa na baba mkwe wa Mama Hansa. Wahindi walipofukuzwa nchini familia iliondoka, na iliporudi baada ya miaka mingi ilikuta jengo limevunjwa kila kilichovunjika, isipokuwa chumba cha nyuma kilichojaa karatasi, ambazo wanajeshi waliolitumia jengo hawakuwa na haja nazo. Chumba hicho hakikuwahi kupangwa. Mama Hansa alitaka mwisho wa mwaka afanye maonyesho madogo katika chumba cha mbele, watu wa mji waje waone kilichochapwa hapo tangu zamani, na maonyesho yakifana ningebaki kazini. Bado nakumbuka harufu ya chumba kile, wino na mafuta ya taa na vumbi tamutamu la karatasi iliyozeeka, na mwanga ulioingia kwa kipande cha bati angavu juu ya paa na kuhama kutoka rafu hadi rafu kadiri siku ilivyokwenda. Saa saba Mama Hansa alishusha kutoka ghorofani sufuria ya dengu na chapati nyembamba, Tenywa alileta posho, ule ugali wa kwetu, na maharagwe kutoka kwa mama wa kibandani, na tukala vyote kwa pamoja juu ya rundo la kalenda za zamani, huku tukisikiliza Mama Hansa akigombana na dada yake kwa simu, nusu Kigujarati, nusu Kiganda. Tenywa ndiye aliyeendesha mashine. Alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, Msoga mwenye vidole vyeusi visivyotakata kamwe, na tangu siku ya kwanza aliniita Digrii.

Vitabu vile nilivikuta mwezi wa pili, vikiwa vimefungwa kwa kamba ya katani chini ya masanduku ya risiti. Vilikuwa sita, vyembamba, vya upana wa bahasha ndefu, vimechapwa kwa wino mweusi na mwekundu. Kila ukurasa ulikuwa na picha tatu zilizopangwa mstari mmoja, na chini ya kila picha maneno machache ya Kiswahili. Kwenye jalada alisimama mtu mwenye gunia la kahawa usoni lililotobolewa matundu mawili ya macho, koti la mvua linalopepea mgongoni, na gambuti. Jina lake Mzuia Maji. Mchana ni mlinzi wa bwawa la umeme anayesinzia juu ya kigoda chake na kuchekwa na wahandisi. Hatari ikitokea huvaa gunia, huinua mkono wa kushoto, na yaliyotokea hurudi nyuma hatua tatu. Tatu tu. Ya nne haiwezi. Katika toleo la nne anachelewa kwa hatua moja na mbuzi wa mjane anazama, na sura nzima iliyobaki ni Mzuia Maji akikaa na yule mjane barazani, wanakunywa chai bila maneno.

Sikuwa mtu wa katuni. Nilikuwa nimeona mashujaa wa nje, wale wenye vifua kama masanduku, na sikuwajali. Huyu alikuwa na tumbo dogo na magoti yaliyopinda, na alipokimbia gambuti zilimpwaya. Kilichonishika zaidi ni picha zenyewe. Zilichongwa kwa kisu kwenye raba ngumu, ile ya kutandikwa sakafuni, kisha zikapakwa wino na kuchapwa. Kwa hiyo kila kilicho cheupe ni mahali ambapo kisu kilipita. Maji ya mto yalikuwa mamia ya mikato myembamba, yote imeelekea upande mmoja, na mahali Mzuia Maji alipoinua mkono mikato ilisita, ikageuka. Nilihesabu mikato ya ukurasa mmoja nikaacha kwa kuwa Tenywa alikuwa ananitazama. Na niliona mapema kwamba walikuwa watu wawili. Aliyechora alikuwa mpole; nyuso zake zilikuwa na aibu, mikono yake mikubwa ilishika vikombe kwa uangalifu. Aliyekata alikuwa hana subira. Kila pembe aliimaliza kwa kuchomoa kisu haraka, ikabaki ncha kali kama mwiba. Upole wa mmoja ulikuwa unakatwa na haraka ya mwingine, na hapo ndipo watu wale walipopata uhai. Nyuma ya kila toleo palikuwa na mstari mmoja tu: Picha, Wamimbi. Kisu, Badru.

"Unasoma nini tangu asubuhi?" Tenywa aliniuliza.

"Katuni."

"Digrii mzima." Akachungulia. "Na ni Kiswahili, lugha ya wanajeshi. Ndiyo, afande." Akapiga saluti kwa mkono wenye wino. "Mama yangu mpaka leo akisikia mtu anasema Kiswahili mlangoni, anazima redio kwanza."

Mama Hansa, nilipompelekea ghorofani, alikishika kitabu kama mtu anayeshika mtoto wa mwenzake. "Hii ya baba mkwe. Alikuwa anasema, kalenda kila mtu anachapa. Yeye anataka kitu ambacho mtu wa kiwanda cha nguo atasoma akila muhogo wake. Kule kiwandani makabila yote, Kiswahili kila mtu anajua kidogo. Na basi za Kenya zilikuwa zinabeba." Akafungua ukurasa. "Watu walipenda sana. Mimi sikuwahi kuona, nilikuwa bado sijaolewa. Hii tuweke katikati ya maonyesho. Wewe andika maelezo."

Hilo lilikuwa kosa lake. Mtu mwingine angeandika aya mbili. Mimi niliandika kwa miezi minne. Niligundua kwamba katika toleo la kwanza uwezo wa Mzuia Maji hautajwi hata mara moja, unaonekana tu: mtoto yuko ndani ya mto, kisha yuko hewani, kisha amesimama ukingoni mkavu. Niliandika kwamba wasanii hawa walikuwa wameona mbele, kwamba katika siku zile za woga uliokuwa unajongea walitengeneza shujaa wa watu wanaotamani jambo moja tu, kwamba lililotokea lisiwe limetokea. Na kwamba waliweka mpaka wa hatua tatu kwa sababu ukurasa una picha tatu, yaani shujaa ana nguvu sawasawa na karatasi yake. Nilikuwa, na bado niko, na fahari na sentensi ile ya mwisho. Ziliposimama kurasa kumi na nne nilianza kuogopa. Je, kama mmoja wao yuko hai? Je, akija, akasoma, akacheka?

"Basi mtafute umuulize," alisema Tenywa.

Nililifikiria jambo hilo siku tisa. Mama Hansa alikumbuka kusikia kwa baba mkwe kwamba yule wa kisu alikuwa kijana wa Mbale, mwandishi wa mabango. Siku ya kumi nilikwenda Mbale nikiwa na matoleo matano kwenye begi. La kwanza lilikuwa limechakaa mno, nililiacha Jinja. Nilitembea mtaa wa maduka ya jumla nikitazama juu, majina ya wenye duka kwenye mabati na kuta, hadi shingo ikaniuma, na mbele ya duka la sabuni nikasimama. Herufi za bango zilimalizika kwa ncha kali, kama mwiba. Nikamuuliza muuzaji nani ameandika. "Mzee Badru," akasema. "Hapa wote Mzee Badru." Akanionyesha njia ya nyuma ya msikiti.

Alikuwa ameketi uani katikati ya mabati yaliyoanikwa rangi, mzee mrefu, mkavu, mwenye kofia ya mkono iliyochafuka rangi ya bluu upande mmoja. Nilimsalimia kwa salamu ya Kiislamu, nikajieleza, nikarudia kujieleza kwa sababu nilihisi mara ya kwanza nimeruka mambo.

"Nani amekutuma, binti?" akasema. "Kiswahili yako ya redioni kabisa. Serikali?"

"Hapana, Mzee. Nimejituma."

"Hiyo mbaya zaidi," akasema, lakini akanisogezea kigoda.

Mke wake, Mama Zaina, alikuwa anapika malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani, kwa mchuzi wa karanga, na hakukubali lolote lisemwe kabla ya kula. Baada ya kula nilitoa vitabu. Mzee alivitazama bila kuvigusa. Nikatoa kurasa zangu kumi na nne nikamsomea zote, kwa sauti ya chini hadi ukurasa wa tatu na baada ya hapo ikashika nguvu, kwa maana niliona anasikiliza. Nilipomaliza hakucheka. Alichukua brashi akaanza kuisafisha, ingawa ilikuwa safi.

"Umesoma sana," akasema.

"Mwambie," alisema Mama Zaina kutoka jikoni.

"Nimwambie nini?"

"Badru. Mtoto ametoka Jinja. Mwambie."

Ndipo akaniambia. Ukikata picha kwenye raba, alisema, karatasi inaigeuza. Kulia inakuwa kushoto. Kwa hiyo kwanza lazima uigeuze wewe, uikate kama inavyoonekana kwenye kioo. Kila mtu wa kazi hiyo anajua. "Wamimbi alinipa kurasa zake, picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtoto anacheza, mtoto anaanguka, mtoto yuko majini. Mimi nikabandika juu ya raba vilevile nilivyopewa, nikakata. Kurasa kumi na sita. Kulikuwa na mechi siku hiyo, nilitaka kuwahi." Akatazama brashi. "Zikatoka kwenye mashine, picha ya mwisho imekuwa ya kwanza. Kila ukurasa. Mtoto anatoka majini, anapanda hewani, anacheza."

"Lakini uwezo wake," nikasema.

"Hakuna uwezo. Mzuia Maji wa Wamimbi alikuwa mtu mwenye nguvu tu, anajua kuogelea. Hiyo ya kurudi nyuma niliifanya mimi, kwa uzembe."

Nilikaa na kurasa zangu magotini. Akaendelea, na sasa hakuwa anazungumza nami hasa. Mwenye duka, alisema, aliwaita wote wawili. Vitabu vilikuwa vimeshachapwa vyote. Akauliza nani amefanya hivi. "Mimi nikatazama viatu vyangu. Wamimbi akasema, mimi, Bwana, nilitaka iwe hivyo. Hivyohivyo, kavu. Bwana hakumsemesha wiki nzima. Halafu watu wa kiwandani wakaanza kuja kuulizia cha pili, yule mtu anayerudisha mambo, na lawama ikageuka kuwa sifa. Sasa ningesema nini? Mtu amesema uongo kukuficha, halafu uongo wake umesifiwa. Utamwendea umwambie hiyo sifa ni yangu, mimi ndiye niliyeharibu?"

"Hamkulizungumza hata siku moja?"

"Tulikata matoleo matano mengine tukizungumza habari za raba na visu. Hatukuelewana tena kama zamani, nilikuwa siwezi kumtazama. Halafu Wahindi wakaondoka, duka likafungwa, yeye akavuka Kenya. Akafia huko. Sikumwambia asante, sikumwambia samahani."

Nilimuuliza kama hakuwahi kukisoma kile cha kwanza, pengine ndani yake kulikuwa na neno. Alisema wakati ule alisoma Kiarabu cha madrasa tu. Herufi za Kizungu alizichora kama mtu anavyochora kikombe. Kusoma alijifunza baadaye, na kitabu kile hakutaka kukishika tena. Nilipoaga alinifuata hadi mlangoni. "Maonyesho yenu fanyeni. Jina la Wamimbi liweke kubwa. Langu toa. Mimi Jinja siji."

Nilirudi nikamweleza Mama Hansa kila kitu, nikiwa nimejiandaa kufukuzwa. Tenywa alicheka hadi akakaa juu ya rimu za karatasi. "Kumi na nne," alisema, akifuta machozi kwa kiwiko. "Kwa ajili ya mechi." Mama Hansa hakucheka. Alifikiri kidogo akauliza swali ambalo bado naona ni la akili kuliko yote niliyoandika: "Kwa hiyo hakuna mtu aliyebuni?"

Swali hilo lilinikaa akilini. Siku zilizofuata niliacha kula pamoja nao, nikala stoo huku nimekifungua kile cha kwanza mbele yangu. Kulikuwa na kitu kisichokaa sawa. Kama picha ziligeuka kwa bahati mbaya, maneno chini yake yalipaswa kubaki ya hadithi ya zamani, ya mtoto anayeanguka. Lakini maneno yalikuwa yanakwenda na picha zilizogeuka. Yalikuwa yanakwenda nazo vizuri mno. Niliwaza kwamba labda mpangaji wa herufi aliyabadilisha mwenyewe; niliwaza kwamba labda mimi ndiye ninayeyalazimisha yakubaliane; niliwaza mengi. Mwisho nikamuuliza Tenywa maneno hupangwa lini.

"Yanafungwa kwenye fremu pamoja na picha," akasema. "Halafu unatoa karatasi moja ya majaribio, mtu anasoma, anasahihisha. Hata kadi ya harusi natoa moja kwanza. Huwezi kuchapa tu kama kichaa."

"Hata zamani?"

"Zamani ndiyo zaidi. Karatasi ilikuwa ghali."

Nilikwenda moja kwa moja stoo. Mwezi wa nne nilikuwa nimejaza boksi zima karatasi za majaribio, nikaliandikia kwa kalamu nzito, kwa mkono wangu wa kisomi: Majaribio, hayana umuhimu. Nilikaa sakafuni nikalimwaga. Zilikuwamo zote kumi na sita za toleo la kwanza. Katika kila moja picha zilikuwa zimegeuka tayari, na chini yake maneno ya kwanza, yale ya hadithi ya zamani, yalikuwa yamekatwa kwa penseli, na mengine mapya yameandikwa juu yake kwa mwandiko mwembamba. Yaani kabla kitabu hakijachapwa mtu aliona kosa, akawa na muda wote wa kulisahihisha, na badala ya kusahihisha picha akasahihisha hadithi. Kwenye ukingo wa karatasi ya mwisho palikuwa na maagizo kwa mwenye mashine. Niliyasoma, nikamwita Tenywa nikampa ayasome, kwa kuwa sikuyaamini macho yangu. Alisoma. Akasema tu, "Kesho asubuhi mapema. Usikae siku tisa."

Mzee Badru alikuwa juu ya ngazi akiandika ukuta wa duka la vitambaa. Alinitazama akauliza amenikosea nini hata nirudi. Nikasema, Mzee, shuka tafadhali. Pengine sauti yangu ilikuwa tofauti, kwa sababu alishuka. Tulikwenda nyumbani kwake, nikaziweka karatasi mezani karibu na dirisha, na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshatia kidole juu ya penseli.

"Hii ni ya Wamimbi," akasema. "Hii K yake, mguu unateleza. Mimi nilijifunzia K hapa, kwa mwandiko wake, kabla sijajua inasema nini. K zote za mji huu ni hii."

Alikuwa anasoma polepole, akitamka kila silabi. Chini ya mtoto aliye majini, mahali palipokatwa maneno Mtoto anacheza ukingoni, pameandikwa: Mto umemkataa. Chini ya mtoto aliye hewani: Hewa imemshika. Chini ya mtoto aliyesimama: Cheza, mtoto, yamekwisha. Akachukua karatasi ya pili, ya tatu. Mama Zaina alitoka jikoni akasimama nyuma yake. Alipofika ya mwisho nilimwonyesha ukingoni, naye akasoma kwa sauti: "Picha ziachwe zilivyo. Hivi ni bora kuliko nilivyofikiri. Badru asikate upya."

Akairudia. Mara ya tatu alisoma bila kutazama.

"Alisema alitaka iwe hivyo," nikasema. "Hakukuficha, Mzee. Alikuwa anasema kweli."

Alivua kofia akaishika mkononi. Mama Zaina ndiye aliyezungumza kwanza. "Miaka yote hii unajigeuzageuza kitandani," akamwambia mumewe, "kwa sababu ya mtu ambaye alikuwa anafurahi." Mzee akaanza kucheka. Kicheko kilianza tumboni kidogokidogo, kikapanda mabegani, na kilipofika usoni kilikuwa kimechanganyika na kitu kingine, na mimi nikaangalia dirishani. Nikiwa njiani kurudi niliwaza, kama kawaida yangu, kama nilifanya vema, kama mtu anaweza kudhurika kwa kuondolewa mzigo aliouzoea. Nilikuwa nimefika Mafubira nilipotambua kwamba kwa mara ya kwanza nimejiuliza swali na kupata jibu, na jibu ni ndiyo, nilifanya vema.

Maonyesho tulifungua Jumamosi asubuhi. Mama Hansa alinikataza nisichane kurasa zangu. Alisema niongeze ya kumi na tano, ya ukweli, na zote zibandikwe. Tulitarajia watu thelathini. Kufikia saa nne chumba kilikuwa kimejaa na wengine wamesimama barabarani: wanafunzi, wafanyabiashara, wazee waliofanya kazi kiwanda cha nguo ambao walikuja wamevaa mashati yaliyopigwa pasi. Mama mmoja mnene mwenye fimbo alisimama mbele ya ukurasa wa mtoto akainua mkono wake wa kushoto. "Tulikuwa tunacheza hii kwenye nyumba za wafanyakazi," alimwambia kila aliyekuwa karibu. "Ukiinua mkono, wenzako wote wanarudi nyuma hatua tatu. Hata mama akitaka kukuchapa, unainua mkono." Mzee mwingine akainua wa kwake, na kwa muda mfupi watu wazima wenye wajukuu walikuwa wanarudi kinyumenyume katika chumba kidogo cha duka la uchapaji, wakikanyagana viatu na kuombana radhi. Nilitazama uso wa Tenywa. Alikuwa anarudi nyuma pia.

Mzee Badru aliingia saa tano, amevaa kanzu nyeupe, Mama Zaina kando yake, mkononi kopo la rangi nyeusi na brashi mbili zilizofungwa kwa kitambaa. Hakuna aliyemjua. Alitembea mbele ya kila ukurasa bila haraka yoyote, yeye ambaye kisu chake kilikuwa na haraka sana, akafika kwenye kurasa zangu, akazisoma zote kumi na tano amesimama. Mimi nilijificha nyuma ya mashine. Alipomaliza alinitafuta kwa macho. "Uliyosema kuhusu woga ni kweli," akasema. "Sisi hatukujua tu." Kisha akamtazama Mama Hansa. "Kadi hizi za majina, herufi mbaya. Nani ameandika?"

"Kompyuta," akasema Mama Hansa.

"Nipeni ubao."

Tenywa alileta ubao mpana wa mbao nyepesi, akauegemeza ukutani chini ya vitabu sita. Watu walisogea, na ile minong'ono ya kuulizana huyu ni nani ikapita chumbani, ikafika barabarani, ikarudi ikiwa na jibu. Mzee alipiga mstari kwa penseli, akachovya brashi, akaandika WAMIMBI bila kusita hata mara moja, kila herufi ikimalizika kwa ncha yake kali. Akachovya tena. Akainua brashi, na hapo mkono ukabaki hewani. Rangi ilianza kujikusanya nchani. Nilifikiri amechoka, nilifikiri ameghairi, nilifikiri pengine tungempa kiti.

"Nimeandika majina ya watu nusu ya Mbale," alisema, akiwa bado ameupa ubao uso. "Hili langu sijawahi. Sijui lina upana gani."

Tenywa alimwambia asijibane, akaenda nyuma kumletea ubao mwingine, mzima, wa peke yake. Mzee akaupokea, akaupima kwa macho kutoka ukingo hadi ukingo, na akaandika akiutumia wote.